Cha Bure Nacho Chataka Mlezi

Natoa maoni yangu juu ya jambo lililoleta ubishi mkubwa bwenini muhula huu, nalo ni programu za kompyuta.

Wenzangu wajua kuwa tangu mwezi wa pili kompyuta zetu zafungua kazi za zamani tu, wala hazikubali kuandika kazi mpya, kwa kuwa ada ya mwaka ya programu ya kuandikia haijalipwa. Mwalimu wetu wa kompyuta alishauri tuweke LibreOffice, ambayo ni programu huria, haina ada. Hapo wengi wa Kidato cha Nne walicheka, wakasema, "Rahisi ni ghali! Kitu cha bure hakikosi ubovu." Mimi naona hawakucheka vema, ingawa wanayo hoja moja ya kweli, nami nitaieleza.

Kwanza tujue maana. Programu nyingi za kuuzwa hutolewa zikiwa zimefungwa. Mnunuzi huruhusiwa kuzitumia, lakini haoni zilivyoandikwa. Programu huria hutolewa pamoja na msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya mtengenezaji, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyasahihisha na kumpa mwenziwe. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland, aliwatolea watu kiini cha Linux alichokiandika mwenyewe. Leo simu za Android walizo nazo wazazi wetu zaendeshwa na kiini hicho. Basi asemaye kuwa cha bure ni kibovu, na aitazame simu ya babake.

Je, watu hao hufanya kazi kwa faida gani? Karim Lakhani na Robert Wolf, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, waliwauliza waandishi 684 wa miradi 287 ya programu huria. Wapo waliokuwa wakilipwa. Walakini jambo lililowasukuma zaidi lilikuwa furaha ya kubuni katika kazi yenyewe. Kwa hiyo si kweli kwamba mtu asiyelipwa hana budi kufanya kazi ovyo.

Sasa hoja ya wenzangu. Audris Mockus na wenzake waliichunguza Apache, programu huria ya kuhudumia tovuti, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2002. Waliona kuwa watu karibu 400 walikuwa wameandika msimbo wake, lakini watu 15 tu ndio waliofanya zaidi ya asilimia 80 ya mabadiliko. Watumiaji ni wengi, watendaji ni wachache. Hatari yake ilionekana Aprili 2014, lilipotangazwa kosa liitwalo Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda siri za tovuti nyingi duniani. Kosa hilo lilikuwa limekaa humo miaka miwili hivi. Kila mtu aliruhusiwa kuusoma msimbo ule. Waliousoma kwa makini walikuwa wachache mno.

Basi programu huria haiharibiki kwa sababu ni ya bure. Huharibika ikikosa mlezi. Sisi wa bweni twalijua jambo hili. Bomba la nje ni letu sote, nalo hutiririka usiku kucha kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake atalifunga.

Tena shule moja peke yake haitoshi. Mwaka 2004 Jørn Braa wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzake waliandika juu ya programu za takwimu za afya, kazi iliyoanzia Afrika Kusini baada ya mwaka 1994. Walieleza kuwa mradi wa mahali pamoja ukiachwa pekee ni vigumu kudumu; hudumu vituo vingi vinapofundishana. Kazi hiyo ilizaa DHIS2, ambayo nchi yetu huitumia kukusanya takwimu za hospitali na zahanati.

Kwa hiyo natoa shauri. LibreOffice iwekwe likizo ijayo. Kila muhula wanafunzi wanne wa Kidato cha Pili na cha Tatu wafundishwe kuitunza, nao wawafundishe wanaowafuata. Tuungane na shule jirani, ili wao wakikwama tuwasaidie, na sisi tukikwama watusaidie. Wazazi nao wakubali kwamba sehemu ya fedha ambazo zingelipa ada itumike kwa mafunzo na matengenezo, maana "bure" haina maana ya "bila gharama".

Tena tukiona kosa, au neno baya la Kiswahili, tuwaandikie watengenezaji. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wataalamu wa Sweden kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo yahitaji watu wajuao Kiswahili vizuri, nao wamejaa shuleni hapa.

Mimi nitafanya mtihani Novemba na kuondoka, wala sitaifaidi sana programu hiyo. Ndiyo maana nawaomba walio nyuma yangu: msiipokee tu, ileeni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne