1,421,932 haigawanyiki kwa 8

Wasee, wacheni kusema hesabu ni ya mtihani tu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,421,932 kaunti yetu ya Machakos. Maeneo bunge ni 8. Je, tunagawanyika sawa? Weka kalkuleta chini. 1,000 inagawanyika kwa 8, so maelfu yote hayana shida. Angalia tarakimu tatu za mwisho pekee: 932. Gawa kwa 8, wanabaki watu 4.

Na hata wasingebaki, Mavoko imejaa watu kuliko Masinga. Kwa hivyo mwanasiasa akikuja na ile ya "tutagawa pesa sawa", muulize: sawa kwa maeneo bunge, ama sawa kwa watu? Ukiogopa namba, utapigwa nazo kila kura.