Wenye ngoma waingie katika kamati



Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huzungumzwa mara kwa mara huku kwetu Newala na kwa jirani zetu wa Masasi. Jambo lenyewe ni matamasha ya ngoma na mambo ya kale ambayo wananchi, hasa vijana na walimu, hujitolea kuyaandaa. Nia yao ni njema, na mimi sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni juu ya namna kamati zao zinavyoundwa.

Kwa kawaida mambo huanza hivi. Watu saba au wanane wenye moyo hukutana, wakachagua mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Huandika barua za kuomba michango, huomba uwanja na kibali, kisha hutafuta mgeni rasmi. Mambo yote yakiisha kupangwa, ndipo ujumbe hupelekwa vijijini: "Leteni ngoma." Mpiga ngoma, kungwi na mchonga vinyago hupata habari mwishoni kabisa, kama vile wao ni viti vya kuazima. Huo ndio upungufu ninaotaka kuueleza.

Zipo nchi ambako kupanga namna hiyo hakumkosei mtu. Huko Marekani, mwaka 1963, mwalimu mmoja aitwaye Phyllis Patterson na mumewe Ron waliandaa mjini Los Angeles maonyesho ya maisha ya Ulaya ya karne ya 16, ili kukichangia kituo cha redio cha KPFK kinachotegemea wasikilizaji wake. Watu walijitolea, wakavaa mavazi ya kale, wakauza kazi za mikono, na tangu hapo maonyesho ya namna hiyo yameenea Marekani. Lakini wale wanaoigizwa, yaani mafundi, wachuuzi na wacheza ngoma wa enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, walikwisha kufa zamani. Hakuna wa kumwuliza kama ameridhika.

Kwetu si hivyo. Mwenye midimu tunasimama naye mstari mmoja ghalani tunapopeleka korosho. Kungwi ni mama anayepita mbele ya nyumba yako na ndoo yake ya maji kichwani. Ngoma zao si mambo ya kale yaliyofukuliwa, ni kazi yao ya mwaka huu. Kama wenyewe wapo, kwa nini tupange mali yao bila wao?

Sisi watu wa kusini tunayo sababu ya kuwa waangalifu. Mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza, Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala akikusanya vitu na habari za Wayao, Wamakua na Wamakonde. Alikuwa na kamera, mashine ya kunasa sauti na mashine ya kupiga picha za sinema. Vitu alivyokusanya vilikwenda jumba la makumbusho la Leipzig, na nyimbo alizonasa zikahifadhiwa Berlin. Siku hizi hatuhitaji kumngoja Mjerumani. Kila kijana uwanjani ana simu mfukoni, na ngoma iliyochezwa saa nane mchana, saa tisa imekwisha kufika Dar es Salaam na ng'ambo. Mchezaji hajaulizwa wala hajapata hata senti.

Tazameni pia habari ya sindimba. Baada ya uhuru, ngoma hii ya Wamakonde ilichukuliwa na kikundi cha taifa cha ngoma, ikachezwa majukwaani, na shule nyingi zikaifuata. Nchi nzima ikaijua, na sisi tukajivuna. Lakini walioijua jukwaani waliijua kama ngoma ya kukata viuno tu. Wengi hawakuambiwa kwamba ngoma hiyo ina nafasi yake katika kuwafunda vijana, na kwamba kuna jambo linalofundishwa hapo. Sisemi kwamba ilikuwa kosa kuicheza jukwaani. Ninasema kwamba kama kungwi angekuwamo katika kupanga, angeeleza lipi litolewe hadharani na lipi libaki nyumbani.

Ndivyo ilivyo na midimu. Anayecheza na kinyago cha lipiko kichwani hatajwi jina, wala havuliwi kinyago mbele ya watu, maana kwa mila yetu aliyekuja kucheza si mwana wa fulani, ni mzimu. Mwanakamati asiyejua hayo anaweza, kwa nia njema kabisa, kumwita mchezaji jukwaani avue kinyago apige picha na mgeni rasmi. Watu wa mjini watapiga makofi. Wazee watainuka na kwenda zao, na mwaka unaofuata hawatakuja.

Halafu liko suala la tarehe. Kamati ya mjini huchagua siku inayomfaa mgeni rasmi. Mkulima wa huku ana kalenda yake. Katikati ya mwaka tuko mashambani tukipulizia mikorosho salfa. Kuanzia mwezi wa kumi tunaokota korosho na kungoja minada. Mvua zikianza tunalima. Jando na unyago navyo vina majira yake, na siku hizi lazima vipishane na masomo ya watoto. Mjini wapo wanaojua mambo hayo, lakini mpiga ngoma ndiye anayeyaishi. Akiwamo katika kikao, atasema mara moja kwamba wiki fulani hamtapata mtu.

Mifano mizuri ipo hapa hapa nchini. Huko Makunduchi, Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa hufanywa kila mwaka mnamo mwezi wa saba. Wageni huenda kwa wingi kutazama, lakini utaratibu ni wa wenyeji wenyewe, na mgeni hukuta mambo yamekwisha pangwa na wenye mji. Na hapa mkoani kwetu, tamasha la MaKuYa lililoanza Mtwara mwaka 2008 lilichukua jina lake kwa kuunganisha Makonde, Makua na Yao. Jina hilo peke yake ni somo. Kabila hata moja haliwezi kuzisemea ngoma za mwenzake. Kama Masasi na Newala tunataka tamasha letu, Mmakonde wa Newala asipange zamu ya Mmakua wa Masasi bila yeye kuwapo.

Najua nitajibiwa. Wako watakaosema kwamba wazee ni wagumu, hubishana siku nzima, na hawajui kuandika barua za kuomba ufadhili. Kubishana ni kweli. Lakini ubishi wa wazee kikaoni ni nafuu kuliko ugomvi wa uwanjani siku ya siku, watu wamekwisha kujaa. Na barua za ufadhili hawatakiwi kuziandika wao. Hiyo ndiyo kazi ya vijana wanaojitolea, tena ni kazi kubwa ya kuheshimiwa. Uwanda wetu wa Makonde hauna mito, na umati wa watu unahitaji maji, vivuli, vyoo na magari ya kuwarudisha vijijini usiku. Huko ndiko kwa kujitolea. Kujitolea ni kuchota maji, si kuwachagulia wenzako ngoma yao.

Wengine watasema wazee watadai fedha. Wadai, ndiyo haki yao. Nimepata kuhudhuria shughuli moja, sitaitaja mahali pake, ambako wageni walikalishwa kwenye viti vya kivulini na kupewa soda na pilau, hali wapiga ngoma waliokuwa juani tangu asubuhi waliambiwa kwamba wao wamejitolea. Neno kujitolea lisitumiwe namna hiyo. Mtu hujitolea kwa hiari yake mwenyewe; akijitolewa na mwenzake, huo ni unyonyaji. Ikiwa fundi wa vipaza sauti analipwa, mwenye maturubai analipwa, na mpishi analipwa, kwa nini yule ambaye bila yeye hakuna tamasha aondoke mikono mitupu?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne kwa wale wanaofikiria kuandaa tamasha Masasi, Newala, au popote penye ngoma zake.

Kwanza, kabla ya kuchagua mwenyekiti, waende kwa wenye ngoma, makungwi na wachonga vinyago, na nusu ya kamati itoke kwao, wanawake na wanaume, kutoka kata mbalimbali.

Pili, tarehe ichaguliwe na wakulima, na mgeni rasmi aalikwe baadaye. Akikosa nafasi, tamasha liendelee bila yeye.

Tatu, kila kikundi kiseme chenyewe ngoma ipi kitaionyesha, ipi haionyeshwi, na ipi haipigwi picha. Mtangazaji awatangazie watu hayo kwa kipaza sauti kabla ngoma haijaanza.

Nne, chakula, nauli na malipo ya wachezaji yaandikwe juu kabisa katika makisio, kabla ya fulana na mabango. Tamasha likiisha, hesabu isomwe hadharani, na kila aliyechanga aisikie.

Hayo hayahitaji mfadhili wala wataalamu kutoka mbali. Yanahitaji watu wachache wenye moyo wafunge safari ya vijijini kwanza, wakae mkekani, waulize na kusikiliza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sasa itakuwaje mcheza kwao awe mtu wa mwisho kuambiwa kwamba kuna ngoma?



Mkulima wa Korosho,
Newala.