Akisema Moyo Unamwenda Mbio, Msimwambie Anadeka

Staa wa Bongo akijifungua leo, kesho watu wanaanza kuhesabu arobaini wakisubiri picha za tumbo flati. Akikaa kimya, ooh kaachwa. Akitokea kavimba uso, ooh kajiachia. Anayeuliza analala vipi hayupo.

Sasa hamia Kalenga, kule Iringa kwenye makumbusho ya Mkwawa. Chukua binti wa miaka 22, uzazi wa kwanza, wiki ya tatu. Hana followers, ila maneno ni yaleyale. Usiku anakaa kitandani analia, akilala chali pumzi inakata. Mama mkwe anamwambia, "Mama Kelvin, sisi tulizaa saba na shamba tukalima." Mashoga wanasema ni mawazo tu.

Inawezekana kweli ni mawazo. Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa, unatibika, na hofu kali inaweza kabisa kuudundisha moyo. Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao misuli ya moyo inalegea, kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito mpaka miezi mitano baada ya kujifungua, hata kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuumwa moyo. Dalili zake ni uchovu, miguu kuvimba, moyo kwenda mbio, kukosa pumzi ukilala. Yaani karibu zote ni vitu ambavyo kila mzazi anaambiwa "kawaida hiyo, utazoea". Wengine wanazoea mpaka wanazidiwa.

Na haya mawili yanabebana. Aliyeambiwa moyo wake umedhoofika anaishi na hofu ya kumwacha mtoto. Mwenye sonona naye hana nguvu hata ya kunywa dawa za presha.

Kliniki je? Mtoto anapimwa uzito, anachomwa chanjo, kadi inajazwa, mama anafunga kanga mgongoni anarudi kwake. Kumpima presha na kumuuliza "unalala vipi, unajisikiaje?" hakuhitaji mashine ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Ni dakika tano, na nesi anaziweza.

Baba Kelvin naye asijifiche nyuma ya mama yake. Mkewe akihitaji mito mitatu ndio alale, au akishtuka usiku anatafuta hewa, bajaji iitwe usikuusiku. Tosamaganga siyo mbali, hospitali ipo. Akisema anatamani kufa, vilevile. Arobaini itamkuta hukohuko wodini.