Kuacha fegi: Sigara iko kioskini, msaada uko mbali

Muulize mvutaji yeyote mtaani kama amewahi kujaribu kuacha na huenda akakucheka: “Unataka nikuhesabie mara ngapi?” Utafiti wa kitaifa wa 2014 ulionyesha asilimia 11.6 ya watu wazima Kenya hutumia tumbaku, na wavutaji wengi walikuwa na nia au wazo la kuacha. Kwa hivyo si kwamba watu hawataki.

Shida ni siku ya pili na ya tatu. Hapo ndipo mwili hudai nikotini kwa nguvu zaidi: kichwa kinagonga, usingizi hauji, kila mtu anakuudhi, hata konda aliyekurudishia chenji kamili. Ukivumilia wiki tatu au nne, makali hupungua. Lakini siku hizo nani yuko nawe? Mabeste kwenye base wanasema “wewe utarudi tu”, kisha mmoja anakuwashia. Na nyumbani huwezi kuomba msaada wa kuacha kitu ambacho mama hajui unafanya.

Halafu kuna kioski. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kuuza sigara mojamoja. Pakiti lazima iwe na kumi au zaidi. Wapi! Mitaani unauziwa moja, na peremende ya kuua harufu juu yake. Anayeacha hashindwi na pakiti. Anashindwa na ile moja.

Sisi humwambia mtu kama huyo ajikaze. Madaktari hawasemi hivyo. Julai 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu watu wazima wanaoacha tumbaku: ushauri nasaha ukiandamana na dawa kama varenicline, au plasta na chingamu za nikotini. Hapa kwetu, NACADA ina laini ya bure, 1192, ambako unaweza kuongea na mshauri. Wengi huihusisha na pombe na mihadarati, hata hawafikirii kupiga kwa sababu ya fegi. Na ukitaka chingamu hizo kwenye duka la dawa, unalipia boksi kwa mkupuo, ilhali sigara unanunua kwa sarafu za mfukoni.

Pesa za kupunguza pengo hilo zilishafikiriwa. Kanuni za 2014 zinawataka watengenezaji na waagizaji wa tumbaku kuchangia asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao kwa hazina maalum, ambayo kisheria inapaswa pia kugharimia mipango ya kusaidia watu kuacha. BAT ilipinga kanuni hizo hadi Mahakama ya Juu, ikashindwa Novemba 2019.

Sasa ingia zahanati ya mtaa wako leo, uulize kama wana chingamu ya nikotini, na nani hapo anaweza kukushauri. Jibu utakalopata ndilo la kumpelekea mbunge wako.