Leso za Marehemu Zisikatwe Kabla ya Warithi Kuulizwa

Mwezi wa Julai nilikwenda Ruiru kumtazama binti yangu aliyeolewa huko, na ndani ya mkoba nilichukua leso kumi na moja za marehemu mamangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Azma yangu ilikuwa kuzipeleka kwa fundi zikashonwe mfarishi: ile nguo nzito ya kujifunikia yenye kitambaa juu, pamba katikati na bitana chini, na mishono ipitayo tabaka zote tatu. Nilitaka wajukuu wajifunike nguo za bibi yao wakati wa baridi. Jambo lenyewe ni zuri, na bado nasema ni zuri. Lakini nililianza kwa pupa, na yaliyonipata nayaeleza hapa kwa sababu najua wengi wetu tuna sanduku la namna hiyo nyumbani.

Msomaji ataniuliza, je, mafundi wa Mombasa wamekwisha? Hawajaisha. Lakini sisi kwa joto letu hatujifuniki nguo nzito, na fundi hujua kazi anayoletewa kila siku. Huko bara baridi huingia mpaka mifupani, na mafundi wa matandiko hawakosi kazi. Tena sehemu hizo ni za watu wa nguo tangu zamani. Thika Cloth Mills kilianzishwa mwaka 1958 na kingali kinasokota na kufuma, na hapo Ruiru kiko kiwanda cha Spinners and Spinners chenye kutengeneza nyuzi na mablanketi. Fundi wa mfarishi huwa na cherehani yenye mkono mrefu, ambayo nguo ya upana wa kitanda hutandazwa chini yake bila kukunjwa. Cherehani yetu ya nyumbani ukiipa tabaka tatu hukata uzi, na mara nyingine huvunja na sindano.

Basi nikaziacha leso tatu kwa fundi mmoja wa Thika, nikaambiwa nirudi baada ya alasiri. Niliporudi nilizikuta zimekatwa. Fundi, kwa nia njema kabisa, aliona pindo zimechakaa, akaziondoa zote kwa mkasi ili abaki na kitambaa kizima cha katikati. Vipande vilikuwa vimekwisha tupwa. Sikuweza kugomba, maana alinitazama kwa mshangao wa mtu aliyefanya kazi safi.

Sisi tunajua kwamba leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Mji ni ile sehemu ya katikati, na jina ni yale maneno yaandikwayo juu kidogo ya pindo la chini. Kwa mtu asiyezaliwa nayo, maneno hayo ni pambo kama maua. Kwetu sisi mwanamke huinunua leso kwa sababu ya jina lake. Mojawapo ya zile tatu ndiyo mamangu aliyojifunga siku aliyotaka kumjibu jirani bila ya kufungua mdomo, na mtaa mzima ukaelewa. Sasa nimebaki na mji wake, mwekundu na mweusi, wala maneno hayapo.

Usiku ule nilimpigia simu ndugu yangu wa Mombasa kumlalamikia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Dada, hizo leso uligawiwa lini?"

Nilinyamaza, kwa kuwa sikuwa na jibu. Tulikwisha kulipa deni la marehemu, tukatimiza wasia, tukazungumza juu ya nyumba na vyombo vya dhahabu, lakini sanduku la nguo nililichukua mimi kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikimuuguza. Hakuna aliyenikataza, lakini pia hakuna aliyenipa. Na nguo za maiti ni mali kama mali nyingine. Huingia katika mirathi, hata ikiwa thamani yake ni ndogo. Warithi watu wazima wanaweza kuridhiana na kumwachia mmoja wao. Akiwapo mtoto mdogo mwenye fungu, fungu lake halina wa kuliachia. Nawaambia wazi kwamba kosa la fundi lilikuwa dogo kuliko langu, maana yeye alikata nguo aliyoletewa, nami nilimpelekea nguo isiyokuwa yangu peke yangu.

Tulikutana Kibokoni nyumbani kwa dadangu mkubwa, tukazitandika zile nane zilizosalia juu ya mkeka. Yeye hakutaka mfarishi hata kidogo. Alisema leso imestiri mtu, na iendelee kustiri mtu. Itolewe sadaka kwa nia ya mama, ivaliwe. Mwanzoni nilimbishia. Sasa naona alikuwa na haki kwa zile zilizokuwa nzima: kuishonea pamba nguo ambayo mwanamke aliye hai angeweza kujifunga ni ubadhirifu, hata tukiuita ukumbusho. Leso nne zikaenda sadaka. Doti moja dadangu akaichukua kama ilivyo. Doti iliyobaki, iliyofifia na kulainika kwa kufuliwa, nikaachiwa mimi kwa ridhaa ya wote.

Wako wanaoona haya kumpa fundi wa mashine kitu cha kumbukumbu, wakidhani lazima kishonwe kwa mkono. Mimi sioni. Kofia ya viua ya mkono ni bora kuliko ya mashine, sikatai, lakini kanzu tunazosalia zimeshonwa kwa cherehani na hakuna aliyezilaumu. Wala kuunga vitambaa si ugeni kwetu. Husimuliwa kwamba leso yenyewe ilianza katika karne ya 19 kwa wanawake wa pwani kuunganisha vitambaa vya mkononi, vitatu kwa viwili, na neno lenyewe tumelitoa kwa Wareno. Na kule Karnataka, India, Wasiddi, ambao asili yao ni Afrika na miongoni mwao wako Waislamu, wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo kuukuu, wakianzia ukingoni na kuzunguka mpaka katikati. Wao hutumia mkono. Lakini aliyezeeka macho, kama mimi, afanye nini?

Safari ya pili nilikwenda kwa fundi wa Ruiru, na nilikaa naye mpaka tukaelewana. Leso moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Mbili zikiunganishwa kwa ubavu mrefu hutoa 150 kwa 220, na hiyo hufunika kitanda cha futi tano kwa sita pasipo kukata hata uzi mmoja. Tulizigeuza ili majina yote mawili yawe nje, moja kichwani na moja miguuni, na nikamchorea kwa chaki mahali ambapo sindano isipite juu ya herufi. Nilizifua kwanza, maana pamba hunywea, na nikazisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa nione kama rangi inatoka. Ndani alitia pamba ya karatasi. Usufi wetu hautakiwi, kwa kuwa huruka na hujikusanya pembeni. Mistari ya mshono aliiweka karibu karibu, upana wa kiganja. Ile miji mitatu iliyokatwa Thika aliiunga ikawa bitana. Jambo jingine: leso au kitambaa chenye aya au jina la Mwenyezi Mungu kisitiwe kabisa katika nguo ya kulalia, kwa kuwa miguu itafika.

Pembeni mwa bitana nilimwomba ashone kwa uzi mweupe jina la mamangu na mwaka aliofariki. Mfarishi uko Ruiru kwa binti yangu. Mjukuu wangu wa miaka sita huulalia kwa upande wa miguuni, kwa kuwa leso ya huko ndiyo anayoweza kusoma maneno yake.