Dada Akiolewa na Mgeni, Sheria Inamfukuza Nani?

Makamanda, leo siandiki kuhusu uchaguzi wala tozo. Naandika kuhusu shemeji yangu, na nikimaliza mtaona kwamba habari yenyewe ni ya dada yangu. Na ya dada zenu pia.

Shemeji ni Mmalawi. Anafundisha hisabati sekondari moja ya binafsi hapa Mbeya, mwaka wa nne sasa. Alimuoa dada yangu wakiwa Mzuzu, wakapata mtoto wa kwanza kule, wa pili kazaliwa hapa. Watoto wote wawili ni Watanzania, hilo halina ubishi, maana Sheria ya Uraia ya 1995 inamtambua mtoto kupitia baba au mama. Mke Mtanzania, watoto Watanzania, nyumba wamepanga kwa shilingi. Anayehesabiwa siku ni baba mwenye nyumba peke yake.

Shule imepunguza walimu. Kibali chake cha kazi kinaisha mwisho wa mwezi ujao, na shule haitakiombea tena. Basi tukakaa kikao cha familia sebuleni kwa Mama, karatasi zote mezani, cheti cha ndoa juu kabisa, tukaanza kuhesabu njia zilizobaki. Nawaletea hesabu yenyewe, kwa sababu najua wapo humu wanaopitia jambo hilihili kimyakimya.

Njia ya kwanza ni mwajiri mwingine. Kibali cha kazi si mali ya mfanyakazi, kimefungwa na mwajiri pamoja na kazi aliyoombewa. Akibadili mwajiri anaanza upya. Chini ya Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015, mwajiri anatakiwa amridhishe Kamishna wa Kazi kwamba alitafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na awe na mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Baada ya hapo ndiyo kinafuata kibali cha ukaazi daraja B, ombi jingine, ada nyingine. Sasa niambieni, shule gani ya binafsi itahangaika hivyo kwa mwalimu mmoja wakati vijana wenye shahada wamejaa mtaani?

Njia ya pili ni daraja A, la wawekezaji na waliojiajiri. Mwalimu mwenye akiba ya kulipa kodi ya nyumba miezi mitatu si mwekezaji. Hata vibiashara vidogo vimefungwa. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo kutengeneza simu na kuongoza watalii. Mimi naunga mkono kumlinda mmachinga wetu dhidi ya mgeni anayekuja na kontena. Lakini mwenye kontena na baba wa watoto wawili wa Kitanzania wamewekwa kapu moja, na hilo siungi mkono.

Njia ya tatu ni hati ya mtegemezi, dada akiwa mdhamini. Dirishani tulipokelewa vizuri tu, sina malalamiko na yule dada aliyetuhudumia. Alitueleza kwa upole kwamba hati hiyo inamruhusu mtu kukaa, haimruhusu kufanya kazi. Maana yake, mwanaume mwenye shahada ya ualimu akae nyumbani akimsubiri mkewe atoke kwenye kibanda cha mitumba Mwanjelwa amletee hela ya mboga. Sheria imemgeuza kutoka mlishaji kuwa mdomo wa kulishwa, halafu inamuuliza dada kama ana uwezo wa kumlisha.

Njia ya nne ni uraia wa tajnisi. Hapa anatakiwa awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba. Shemeji ana minne. Akitimiza, anatakiwa aache uraia wa Malawi, kwa sababu sisi haturuhusu uraia wa nchi mbili. Na akishaacha moyo wake wote mezani, Waziri anaweza kumkatalia bila kutoa sababu, na sheria inasema uamuzi huo haukatiwi rufaa wala kupitiwa na mahakama.

Wengine hujaribu njia ya tano, ile ya mpakani. Unavuka Kasumulu, unagongewa muhuri, unarudi kama mtu wa matembezi. Shemeji kakataa, na nampongeza. Matembezi hayaruhusu kufanya kazi, na siku ukikamatwa unafundisha tuisheni utaondoka kwa aibu, na faili lako litakuwa na doa la kudumu. Kama kuna mwenzangu anayefikiria hivyo, asifanye. Anza maombi mapema kabla kibali hakijaisha, weka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto pamoja, tunza nakala ya kila risiti.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike.

Kwenye kile kikao alikuwepo baba mdogo wangu, mkazi wa Tunduma. Yeye alioa Mzambia, upande wa pili wa barabara tu, Nakonde. Alisikiliza hesabu zetu zote, kisha akauliza kwa mshangao wa kweli: "Kwani huyu hana ndoa? Mbona mama yenu mdogo aliomba uraia kwa cheti cha ndoa tu?"

Ni kweli. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia kinasema mwanamke aliyeolewa na raia anayo haki ya kuomba uraia kwa msingi wa ndoa hiyo, wakati wowote mumewe akiwa hai. Hahitaji kungoja miaka saba. Kifungu kimeandikwa mwanamke. Mwanaume aliyemuoa Mtanzania hakutajwa. Yeye anapanga foleni moja na mgeni mwingine yeyote, kama vile ndoa yake haipo.

Yaani katika ukoo mmoja, baba mdogo alioa mgeni na nchi ikamkaribisha mke. Dada akaolewa na mgeni na nchi inamtazama mume kama mzigo uliosahaulika stendi. Tofauti si mapenzi wala nyaraka. Tofauti ni jinsia ya yule Mtanzania.

Ndiyo maana nasema habari hii si ya shemeji. Haki iliyopungua ni ya dada yangu, raia, mpiga kura. Sheria inamwambia: uraia wako hauna nguvu ya kumbakiza mumeo, ukitaka ndoa mfuate kwao. Nyuma yake kuna fikra ya kizamani kwamba mwanamke huhamia kwa mume, kwa hiyo anayeolewa na mgeni ameshaondoka. Mwaka 2026 bado tunaendesha nchi kwa fikra hiyo?

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, inakataza ubaguzi, na neno jinsia liliongezwa humo mwaka 2000. Mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, unazitaka nchi ziwape wanawake haki sawa na wanaume katika mambo ya uraia. Sheria yetu ya uraia ilitungwa miaka kumi baada ya kuuridhia, na bado ikaandikwa hivyo.

Wenzetu wameshatoka huko. Kenya ilikuwa na ubaguzi huuhuu mpaka Katiba ya 2010. Leo ibara yao ya 15 inampa mume au mke wa raia, bila kujali jinsia, haki ya kuomba kusajiliwa raia baada ya miaka saba ya ndoa, na sheria yao ya 2011 inafungua ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu. Zimbabwe walikwenda mahakamani. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumnyima ukaazi mume mgeni ni kuvunja haki ya mke raia kuishi popote nchini mwake, kwa sababu unamlazimisha achague kati ya ndoa na nchi. Mwaka huohuo, katika shauri jingine, ikasema mume huyo aruhusiwe pia kufanya kazi, maana haki ya kukaa bila ya kutafuta riziki ni haki ya karatasi.

Najua hoja mbili zitakazokuja hapa chini. Ya kwanza: ndoa za bandia. Zipo, sikatai. Lakini kama ndoa ya bandia ni tishio, mbona mke mgeni anaruhusiwa kuomba bila kungoja hata mwaka? Weka muda, fanya mahojiano, tembelea nyumba, na iwe hivyo kwa wote. Ya pili: ajira za vijana. Jamani, mimi mwenyewe nina shahada na naendesha bodaboda, siwezi kudharau hoja hii. Lakini mishahara ya walimu haikuliwa na waume wa dada zetu. Ajira zimekosekana kwa sababu serikali haiajiri vya kutosha na uchumi hauzalishi kazi. Ukimfukuza shemeji, pengine atapatikana mwalimu mmoja wa kujaza nafasi, na familia moja ya Kitanzania itakosa chakula au itahamia Mzuzu. Tumepata nini?

Kuna jambo la tatu linalotuhusu sisi wapinzani moja kwa moja. Uamuzi usio na sababu na usiofika mahakamani ni silaha. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba mwandishi Jenerali Ulimwengu, mtu aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, si raia. Kama yule aliambiwa hivyo, mwalimu wa hisabati kutoka Mzuzu ana kinga gani?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne yaingie kwenye sera ya chama chetu, na vijana tuyasimamie. Moja, kifungu cha 11 kibadilishwe, neno mwanamke liwe mwenza. Mbili, mwenza wa raia apewe kibali cha ukaazi chenye ruhusa ya kufanya kazi, kinachotegemea ndoa badala ya mwajiri. Tatu, kibali cha kazi kikiisha, mwenza wa raia asiondoshwe wakati ombi lake linashughulikiwa. Nne, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na haki ya kwenda mahakamani. Na tunapodai Katiba Mpya, la kwanza liandikwe humo kabisa, lisiachwe kwa hisani ya Waziri.

Nimewasikia viongozi wetu majukwaani wakisema chama hiki ni cha wanawake. Vizuri. Hapa pana mahali pa kuonyesha.

Shemeji bado anaamka saa kumi na moja kusahihisha madaftari ya kidato cha nne, mitihani imekaribia. Juzi mtoto wao mkubwa aliniuliza, "Mjomba, baba akienda Malawi na sisi tunaenda?" Nikamwambia tunashughulikia. Nimeandika haya ili nisiwe nimemdanganya.