Jani Lililoegemezwa Ukutani

Minneapolis, Januari

Kwa jamaa zangu wa Same.  

Ujumbe wa sauti uliotumwa kwenye kundi la ukoo nimeusikiliza mara tatu: jani zima la mshubiri, na ganda lake, lisagwe kwenye blenda pamoja na asali, kikombe asubuhi na jioni, kwa vidonda vya tumbo na presha. Nawaomba muache.

Ninyi ndio mlionifundisha mmea huo. Nilipoungua na uji utotoni, Shangazi alikata jani nyuma ya jiko, akaliegemeza ukutani mpaka maji ya manjano yakachuruzika yote, ndipo akanipaka ule ute. Hakuniambia sababu, nimeijua ukubwani. Ute wa ndani ni kitu kimoja, na utomvu wa chini ya ganda ni kingine. Utomvu huo, ndio wenye uchungu wa shubiri, ni dawa kali ya kuharisha. Mwaka 2002 Marekani iliuondoa kwenye dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari, maana watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Panya wa maabara walionyweshwa dawa ya jani zima kwa miaka 2 waliota uvimbe kwenye utumbo mpana.

Baba Mdogo anameza vidonge vya presha vya kukojosha, na vingi vya aina hiyo hupunguza potasiamu mwilini. Akiharisha juu yake, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mjamzito naye asikiguse kikombe hicho.

Kinachonikosesha usingizi hasa ni yale maneno ya mwisho: mkiukosa bustanini, chukueni wa porini. Jamani! Upande wetu na wa Taita kuna mshubiri mrefu kuliko mtu, unaonuka panya. Wataalamu huuita Aloe ballyi. Una sumu inayolegeza misuli hadi pumzi ikakatika. Asali haiiondoi. Wala wifi zangu wasinifungie wa porini kwenye begi la kuniletea huku. Aina zote za mshubiri, isipokuwa huu wa bustanini, hazivushwi mpaka bila kibali.

Mimi ninao mmoja, kwenye kopo dirishani, theluji ikianguka nje. Nikiungua nakata jani, naliegemeza.

Shangazi, nakuomba urekodi ujumbe mwingine. Waeleze ulivyokuwa ukiliegemeza lile jani ukutani, na muda uliokuwa ukisubiri. Watakusikiliza wewe kuliko mimi.